Siku Niliyomwita Mama Mkwe kwa Jina

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, katika mji mtakatifu wa Yerusalemu, nilipogeuka nyuma kwenye kichochoro cha mawe na kukuta mama mkwe wangu hayupo. Nimeona mengi baada ya hapo, maana kuishi kwingi ni kuona mengi. Nimezika wazazi wote wawili. Nimelala siku mbili ndani ya basi lililonasa matopeni. Lakini hofu kama ile ya pale sijaionja tena, na hata sasa, nikiwa nimekaa hapa kwangu Matogoro na kikombe changu cha chai, nikianza kuisimulia viganja vinanitoka jasho. Nivumilie basi, nitakwenda polepole.

Nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona stendi. Ulikuwa unampeleka mama mkwe wako kliniki. Ulitembea hatua kumi mbele yake, macho chini, adabu imekujaa mpaka kisogoni, na yeye nyuma na kikapu chake, bodaboda zinampita huku na huku. Mama mmoja muuza ndizi akasema, "Kijana huyu kalelewa." Mimi nilimwona kijana mwingine ninayemjua, aliyekuwa na miaka thelathini na mmoja, ualimu wake wa shule ya msingi na kichwa chake kigumu.

Unajua sisi tuliolelewa na wazee wa Kingoni tulivyofundishwa. Mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humwiti jina lake, humpi mkono, huli naye meza moja. Ukikutana naye njiani unapisha pembeni mpaka apite. Ukiwa na neno lake unampa mtu wa tatu alifikishe, na yeye hivyo hivyo. Mimi nilikuwa na mke kwa miaka minne, na mtoto wetu Kasiani, na nilikuwa sijawahi kumtazama mama yake usoni. Nilijua kanga zake zikianikwa, nilijua kikohozi chake, basi. Na nilijivunia hilo, kama wengine wanavyojivunia shamba lililolimwa vizuri.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Mama mkwe alikuwa na hamu ya kwenda hija tangu ujana wake, na parokia ilipopanga kundi la mahujaji, watoto wake wakaamua aende pamoja na binti yake Yustina, ndiye mke wangu. Kila kitu kikawa tayari, kumbe mimba nayo iko tayari. Daktari akamwambia Yustina asithubutu kupanda ndege. Kaka zake walikuwa mbali, wengine kazini, na wa kushika nafasi ile nikabaki mimi. Niliwaza wiki nzima nitamsindikizaje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama. Nikaenda kumuuliza baba yangu mzazi.

"Mkwe ni mkwe hata mbele ya kaburi la Yesu," baba akaniambia. "Usije ukatuaibisha huko ugenini."

Yustina naye akaniita chumbani siku ya kuondoka. Hakuzungumza habari za mila. "Mama ana kisukari," alisema. "Akishameza kidonge cha asubuhi lazima ale. Lazima, Baba Kasiani. Asipokula sukari inashuka, anaishiwa nguvu, anaweza kuanguka asiamke. Biskuti na mkate vikae kwenye begi lako wewe, yeye ukimwachia atawagawia watu wote ndegeni."

Nikamwahidi. Ahadi ni deni, mwanangu, na mimi niliichukua kwa mdomo mwepesi.

Tulifika Yerusalemu mwezi wa tisa ukielekea wa kumi. Huku kwetu wakati huo ni joto na moshi wa mashamba, watu wanaisubiri mvua. Kule ndiyo kwanza kiangazi chao kilikuwa kinaanza kuchoka. Asubuhi kulikuwa na kibaridi cha kuvaa sweta, mchana jua bado lilikuwa kali juu ya mawe yale meupe, na kila kona palikuwa na mikokoteni ya komamanga na tini. Zeituni zilikuwa bado mbichi mitini. Nilishika jani la mzeituni nikasema, kumbe ndiwe wewe ninayekusoma darasani! Mji wenyewe ulijaa watu wa kila taifa, wengine wamebeba misalaba mabegani, wengine wanakwenda kwenye sala zao, na wachukuzi katikati wanapiga kelele wapishwe.

Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri, nami nikadhani ni kwa sababu ya adabu yangu. Haikuwa hivyo. Tulikuwa na Mama Gaudensia, rafiki wa mama mkwe tangu usichana, jirani yake kwa miaka yote. Ndiye aliyekuwa mtu wetu wa tatu. Mimi nilimpa mkate asubuhi, yeye akampa mama. Yeye ndiye aliyemshika mkono kwenye ngazi. Mimi nilitangulia mbele nikiwa karibu na mwongozaji wetu, nikisikiliza historia na kuandika kwenye daftari. Usione vyaelea, vimeundwa. Mimi niliona vinaelea, sikumwona aliyeviunda.

Siku ya nne miguu ya Mama Gaudensia ikavimba, akashauriwa abaki hotelini. Mimi nilikuwa mezani nakunywa chai wakati mama mkwe alipoingia kwenye ukumbi wa chakula. Akaniona. Ukumbi ulikuwa na meza moja ndefu tu ya kundi letu. Akasimama kidogo mlangoni, akameza kidonge chake kwa maji ya kwenye chupa, akatoka nje kwenda kusubiri na wenzake. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Nilijua hajala. Mkate uko miguuni pangu, ndani ya begi. Unajua nilifanya nini? Nilijisifu moyoni kwamba mimi na mkwe wangu tunaijua mila hata ng'ambo ya bahari. Nikasema mama fulani atampa kitu. Mama fulani, mwanangu, ndiye mtu asiyekuwapo duniani.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunafanya Njia ya Msalaba, katika vichochoro vile vile alivyopita Yesu. Wanaifuata barabara kabisa, kituo baada ya kituo, katikati ya maduka ya viungo na ya misalaba ya mti wa mzeituni. Tulipofika kituo cha sita, pale Veronika alipompangusa Yesu uso, njia inaanza kupanda kwa ngazi pana. Padre akasali, tukaimba, tukaanza kupanda. Mimi nilikuwa mbele, kama kawaida yangu.

Nikiwa karibu na juu nikasikia sauti nyuma yangu. "Baba Kasiani!"

Niliijua. Kikohozi chake nilikijua kwa miaka minne, ningeshindwaje kuijua sauti? Lakini hakuwahi kuniita mimi mwenyewe hata siku moja. Nilisimama kidogo. Ikaja tena, chini zaidi. "Baba Kasiani."

Sikugeuka.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na ndipo napaogopa. Kwa miaka mingi nilijiambia mwenyewe kwamba sikugeuka kwa ajili ya mila. Mkwe hamwiti mkwe njiani, nikageuka nikamtazame vipi usoni mbele za watu? Ni kweli, lakini si kweli yote. Kweli nyingine ni kwamba nilikuwa nimechoka kungoja wazee. Nilitaka kufika kwenye Kaburi Takatifu mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Mwendo wao wa kobe ulikuwa umenikera tangu siku ya kwanza. Mila ikanipa kisingizio kizuri, kilichonyooka na kupigwa pasi, nami nikakivaa. Nikaongeza mwendo.

Kituo cha saba kilikuwa sokoni kabisa, watu wamebanana. Cha nane tukapanda tena. Pale ndipo padre alipotuhesabu, tukapungua mmoja. Ndipo nikageuka, mwanangu, nikaona nyuso zote za kundi letu isipokuwa ule mmoja nisioujua.

Mwongozaji wetu aliitwa Eliasi, Mwarabu Mkristo mwenyeji wa mji ule, mtu wa makamo mwenye sauti ya ukali. Akamwomba padre abaki na wengine pale pale wasali, akanivuta pembeni, akaniuliza kwa Kiingereza.

"Leo amevaa nini?"

Nikafungua mdomo. Sare ya kitenge ya kundi tulivaa jana yake. Leo kila mtu alivaa lake. "Sijui," nikasema.

"Hujui? Si umetoka naye hotelini?"

"Nimetoka naye."

"Sawa. Jina lake?"

"Mama Yustina."

"Ndilo liko kwenye pasipoti?"

"Hapana."

"La kwenye pasipoti ni lipi?"

Nililijua. Nililiona kila tulipopita uwanja wa ndege. Lakini halikuwahi kupita kinywani mwangu, na pale lilinikwama kooni, nikatafuta kalamu, nikamwandikia kwenye daftari langu la historia. Eliasi akalisoma, akanitazama, akanirudishia daftari kifuani.

"Karatasi haipigi kelele," alisema. "Na sauti yangu yeye haijui. Yako anaijua. Twende, na uite."

Tukashuka. Nakuambia, mji ule ulibadilika mbele ya macho yangu. Asubuhi ulikuwa mtakatifu, sasa ulikuwa milango tu, mamia ya milango na vichochoro vinavyozaa vichochoro. Kila mwanamke mweusi niliyemwona kwa mbali moyo uliruka, kumbe ni mwingine, wa nchi nyingine. Begi liligonga mgongoni mwangu kila hatua, na ndani ya begi kulikuwa na mkate. Kisaa changu kilisema saa tano. Kidonge kimemezwa saa moja. Nilianza kumwona Yustina mlangoni kwetu, mkono juu ya tumbo lake, ananiuliza, "Mama yuko wapi?" Majuto ni mjukuu, lakini siku ile hayakusubiri kuwa mjukuu, yalikuja yakiwa mtoto wa kwanza.

Nikaita, "Mama! Mama mkwe!" Pale sokoni neno mama lilikuwa la kila mtoto. Watu walinipita. Tukafika ngazi za kituo cha sita, hayupo. Eliasi akawauliza wenye maduka, wakatikisa vichwa.

"Jina," Eliasi akasema.

Nikafumba macho kama mtu anayerukia maji asiyoyajua kina. "Skolastika!" nikapiga kelele. "Skolastika! Skolastika wee!"

Na kutoka kwenye kichochoro cha pembeni, kwa sauti nyembamba ya msichana anayeitwa na baba yake, nikasikia, "Abee!"

Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiwe karibu na muuza maji ya komamanga. Bibi mmoja wa pale, amejitanda kichwa, amepiga magoti mbele yake, mkono mmoja umemshika mama mkwe mkono, mwingine umemshikia glasi mdomoni. Hawakuelewana neno hata moja. Mama alikuwa ameloa jasho, midomo inatetemeka, nusu ya maji yale mekundu imemwagikia kifuani. Yule bibi aliponiona akaanza kunifokea kwa lugha yake. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Nikapiga magoti mimi pia. Nikatoa mkate, nikaumega, na kwa mara ya kwanza nikamtazama mama mkwe wangu usoni. Alikuwa na macho ya Yustina. Miaka minne naishi na macho yale nyumbani, sikujua yalikotoka.

Alikula taratibu. Kutetemeka kukapungua. Jasho likakauka. Akapangusa mdomo kwa upindo wa kanga, akasema akiwa bado hanitazami, "Nani amekufundisha jina langu?"

"Nisamehe, mama. Nimekosa adabu."

"Ungekuwa na adabu zaidi mngenizika huku." Kisha akageuka. "Nilikuita pale kwenye ngazi. Mara mbili. Miguu ilikuwa inaniishia. Ulisikia?"

Mwanangu, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Soko lina kelele, nani angenibishia? Eliasi hakuelewa Kiswahili. Lakini yale macho yalikuwa yananitazama.

"Nilisikia, mama."

Nilitamani anipige. Kengele zililia mahali fulani, watu wakapita, na mimi nipo magotini na kipande cha mkate mkononi.

"Basi umesema kweli," alisema hatimaye. "Hilo tuliache hapa hapa. Yustina usimwambie, ana mimba, asije akashtuka." Akanyoosha mkono wake. "Niinue."

Nikasita. Nakuapia, hata baada ya yote yale nikasita, mila ilivyo na mizizi.

"Nipe mkono, Baba Kasiani. Kama Mungu ana neno juu ya mkono huu ataniambia mimi, tuko mlangoni kwake."

Nikamwinua. Tukamshukuru yule bibi kwa ishara, naye akanitikisia kidole, kisha akambusu mama mashavuni. Tukapanda zile ngazi polepole sana, mama kaniegemea bega, anapumzika kila baada ya hatua tatu, na sikuwa na haraka tena. Kawia ufike. Kwenye Kaburi Takatifu foleni ilikuwa ndefu kuliko nilivyoogopa. Tulisimama pamoja zaidi ya saa mbili, nikajua kwa mara ya kwanza kwamba mama mkwe wangu ni mcheshi, na kwamba aliwahi kuwa mchezaji hodari wa ngoma ya lizombe mpaka akachaniwa gauni na wenye wivu.

Tuliporudi Songea alishuka kwenye basi akiwa amenishika mkono, mbele ya ukoo mzima. Baba yangu alinuna wiki mbili. Mama mkwe akamtumia togwa, na ujumbe kwa mtu wa tatu kwamba mwanawe amemrudisha hai, kama anataka adabu aje kuidai kwake. Baba akanywa togwa.

Sasa nikuambie neno lenyewe, maana mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi vijana wa zamani tulikuwa na macho na tulihitaji kuambiwa. Sikufundishi kudharau mila. Wazee walioiweka hii hawakuwa wajinga. Waliiweka mahali ambapo kila njia ina shangazi, kila kona ina binamu wa kumshika mama mkono. Adabu ya kukaa mbali ilikuwa na mtu wa karibu ndani yake siku zote. Basi wewe unapomtanguliza au kumwacha nyuma mzee wako, jiulize kwanza: mtu wa tatu yuko wapi leo? Kama hayupo, wewe ndiye. Mpe chakula kwa mkono wako. Jua jina lake, dawa zake, na nguo aliyovaa asubuhi hiyo. Na uichunguze heshima yako kama unavyochunguza mahindi ya mbegu, utazame kama unamheshimu yeye au unaupumzisha moyo wako usihangaike. Mimi yangu ilikuwa na wadudu ndani, na kwa nje iling'aa.

Bado kuna jambo moja. Mama mkwe aliniambia nisimwambie Yustina kwa sababu ya mimba. Mimba ile ilizaliwa, ikasoma, sasa ina watoto wake. Mama mwenyewe amelala makaburini miaka mingi, na siri ameitunza mpaka mwisho. Yustina anajua mama yake alipotea na nikampata. Kila mwaka huwasimulia wageni jinsi mume wake alivyopiga kelele mpaka Yerusalemu yote ikasikia, nami huinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Hajui kwamba mama aliita, na kwamba nilisikia. Hekima ya marehemu niliigeuza kichaka cha kujifichia. Juzi nilipokuona stendi nikajua siwezi kukuonya wewe kabla sijatoka humo. Yustina yuko uani anaanua nguo. Ukishaondoka nakwenda kumwambia.

Nenda basi, mwanangu, mama mkwe wako asikungoje. Mungu akupe macho ya kumwona mzee wako kabla hajakuita, na akikuita akupe shingo nyepesi ya kugeuka. Akujalie usiwe na haraka mahali ambapo wazee wanapumzika. Na siku utakapokuwa mzee wewe, ukiita kwenye ngazi za ugenini, asikose mtu wa kukuitikia.